SOMO LA SABA: BARUA YA KUTAFUTA SOKO NJE YA NCHI
(Marudio ya ufahamu, ufupisho, rejesta, uundaji wa maneno, barua ya biashara na insha ya hoja)

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kujibu maswali ya ufahamu na ufupisho bila kunakili kifungu;
(b) kutofautisha lugha ya sokoni na lugha ya barua rasmi;
(c) kuandika barua ya biashara yenye taarifa ambazo msomaji anazihitaji;
(d) kujenga insha ya hoja kutokana na methali.

UTANGULIZI

Kila mwaka tunapofika kwenye barua rasmi, hapa Ihanda wilayani Karagwe, lazima mwanafunzi mmoja anyooshe mkono na kuuliza: “Mwalimu, simu zipo. Barua hizi nani anaziandika siku hizi?” Swali ni zuri, nami nina jibu lililonigharimu aibu kidogo.

Kijana mmoja niliyemfundisha alimaliza kidato cha nne, akaanza kushona na kuchapa fulana Omurushaka. Madereva wa bodaboda walizipenda. Baada ya mwaka mmoja aliona kwamba kila aliyetaka fulana yake anayo tayari, akataka kuzipeleka Uganda. Alikuja kwangu nimsaidie kumwandikia mwenye duka moja la huko. Niliandika ukurasa mzima na nusu. Niliweka methali mbili, shukrani tatu, na maelezo marefu kuhusu umuhimu wa udugu wa Afrika Mashariki. Tulingoja miezi mitatu. Haikujibiwa.

Tulipoisoma tena tulikuta haina bei hata moja. Haikusema fulana ni ngapi, za saizi gani, zitafikaje, wala nani atabeba hasara zisipouzika. Ilikuwa barua nzuri ya kusomwa darasani, lakini mwenye duka hakuwa na la kuijibu.

Katika mtihani, barua ya namna ile hupoteza alama za maudhui. Nje ya mtihani hupoteza mtaji. Basi tujifunze kuiandika vizuri, na tuanze na ufahamu.

SEHEMU A: UFAHAMU NA UFUPISHO

Soma kifungu kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata.

Katika Soko la Owino jijini Kampala, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, wachuuzi hufungua marobota ya nguo kuukuu. Nguo hizo zilivaliwa kwanza Ulaya, Marekani na kwingineko, wenyewe wakazichoka, zikakusanywa, zikauzwa kwa uzito na kuvushwa bahari. Robota hununuliwa likiwa limefungwa. Mnunuzi akilifungua anaweza kukuta makoti yatakayomrudishia mtaji wake kwa siku moja, au mashati yaliyochanika yasiyofaa hata kwa kudekia.

Bobby Kolade ni mbunifu wa mavazi aliyekulia Kampala na kusomea ubunifu jijini Berlin. Alirudi Uganda akikusudia kutengeneza nguo kwa pamba ya nchi hiyo. Alikuta sehemu kubwa ya pamba husafirishwa nje ikiwa ghafi, na viwanda vya kuifanya nguo ni vichache. Kilichojaa ni mitumba. Mwaka 2022 lebo yake ndogo, Buzigahill, ilizindua mradi uitwao Return to Sender, yaani ‘Mrudishie Aliyetuma’. Mafundi huchagua mitumba, huifumua, huikata na kuiunga upya, hata vipande vya fulana kadhaa vikazaa fulana moja ambayo hakuna mwingine anayo. Kisha nguo hizo huuzwa kwa wateja wa nchi zilezile ambako zilitupwa, kwa bei ya nguo ya mbunifu.

Jina la mradi lina utani, lakini ndani ya utani kuna hoja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vya kanda vipate nafasi ya kukua. Marekani ilipinga. Nchi nyingine zililegeza msimamo; Rwanda ikashikilia ushuru mkubwa, na Julai 2018 Marekani iliisimamishia nafuu ya kuingiza nguo bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Jambo lililozishinda serikali kwa ushuru, lebo ndogo inalijaribu kwa sindano: haizuii mtumba kuingia, bali huupandisha thamani kabla haujarudi ulikotoka.

Maswali
1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (i) robota (ii) ghafi (iii) zililegeza msimamo.
2. Kwa nini mbunifu hakutimiza kusudio lake la kwanza?
3. Utani uliomo katika jina la mradi ni upi?
4. Mwandishi ana maana gani anaposema lebo ndogo inalijaribu jambo hilo “kwa sindano”?
5. Pendekeza kichwa cha kifungu kisichozidi maneno matano.
6. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 30.

Majibu na maelezo
1. (i) Mzigo mkubwa wa nguo uliofungwa na kubanwa pamoja. Sokoni wengine huuita belo. (ii) Isiyosindikwa, ya hali yake ya asili. (iii) Zilipunguza ukali wa uamuzi wao.
Zingatia: neno “ghafi” lina matumizi mengine, kama vile “uzito ghafi”. Unaulizwa maana “kama lilivyotumika”, hivyo rudi kwenye sentensi kabla ya kujibu.

2. Kwa sababu sehemu kubwa ya pamba ilikuwa ikiuzwa nje bila kusindikwa, na viwanda vya kuigeuza kuwa nguo vilikuwa vichache. Mtahiniwa atakayejibu “kwa sababu alipenda mitumba” ametunga jibu lake mwenyewe.

3. Kwa kawaida kinachorudishwa kwa aliyetuma ni barua au kifurushi kilichokosa mpokeaji. Hapa kinachorudishwa ni nguo iliyotupwa, na aliyeitupa anailipia ili airudishiwe.

4. Kwa kazi ya ufundi na ubunifu, tofauti na sheria au kodi.

5. “Mtumba Unaorudi Kwao”, au “Sindano Dhidi ya Ushuru”. Kichwa kibebe wazo la kifungu chote. “Soko la Owino” hakifai, kwa maana kinabeba aya moja tu.

6. Mfano wa ufupisho: Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuondoa mitumba. Marekani ilipinga, Rwanda iliposhikilia ushuru, mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu ya AGOA kwa nguo. Lebo ndogo haizuii mitumba, bali huipandisha thamani. (Maneno 29)

Hesabu maneno yako na uandike idadi mwishoni. Ukivuka kikomo unapoteza alama ambazo tayari ulikuwa umezipata.

SEHEMU B: REJESTA NA UUNDAJI WA MANENO

Tazama sentensi hizi mbili zenye ujumbe mmoja:

(i) “Oya bro, cheki hii pamba, kali balaa, chukua kumi nikufanyie bei ya kishkaji.”
(ii) “Tunakuletea fulana za pamba za muundo mpya. Ukinunua kuanzia 10, tutakupunguzia bei.”

Sentensi ya kwanza si mbaya. Stendi ya Kayanga ndiyo inayouza. Neno “pamba” hapo halimaanishi zao la shambani, bali nguo za kupendeza. Lakini ukiipeleka kwenye barua rasmi, msomaji asiyekujua ataona unamletea mzaha. Swali la rejesta hukutaka utaje sifa za lugha na uzithibitishe. Sifa za sentensi ya (i) ni hizi: maneno ya mtaani (“oya”, “bro”), kukuza jambo (“kali balaa”), ukaribu wa wazungumzaji (“bei ya kishkaji”) na sentensi isiyofuata mpangilio wa sarufi sanifu. Ukitaja sifa bila mfano, umejibu nusu.

Sasa maneno ya biashara ya mavazi tuyatumie kurudia njia za uundaji wa maneno:

Kutohoa: lebo, fasheni, saizi. Lipo pia merikani, jina la kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa zamani kutoka Marekani. Neno hili linatuhusu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo Kafuro, humuhumu Karagwe, kwenye njia ya kutoka Tabora kwenda Buganda, na vitambaa vilikuwa miongoni mwa bidhaa zao. Kwa hiyo usidhani kuvusha nguo kutoka Karagwe kwenda ng’ambo ya Mto Kagera ni jambo lililoanza jana.

Uambishaji: mchapaji. Mzizi ni -chap-. M- ni kiambishi awali na -aji ni kiambishi tamati kinachounda jina la mtenda.

Kuambatanisha: mwanamitindo (mwana + mitindo).

Kupanua maana: mtumba. Awali ni mzigo uliofungwa; sasa ni nguo iliyokwishavaliwa iliyotoka ndani ya mzigo huo.

Ongeza msamiati huu, kwa sababu utauhitaji katika barua: sampuli, bei ya jumla, bei ya rejareja, shehena, forodha, cheti cha uasili, na mali kauli. Mali kauli ni bidhaa unazomkabidhi muuzaji kwa makubaliano tu. Atakulipa akishaziuza, na zisizouzika atakurudishia.

SEHEMU C: BARUA YA BIASHARA

Swali: Wewe ni mmiliki wa lebo ndogo ya mavazi iliyopo Ihanda, Karagwe. Mwandikie barua meneja wa duka la mavazi lililopo Kampala, Uganda, ukimwomba auze fulana zako. Jina lako liwe Juhudi Maarifa, S.L.P. 000, Karagwe.

Hatua ya kwanza: Kaa kwenye kiti cha msomaji
Kabla hujashika kalamu, jiulize mwenye duka angetaka kujua nini. Ana maswali sita: Ni bidhaa gani? Ni bei gani? Kuna saizi zipi? Itafika kwa njia gani na lini? Nani atalipia usafiri na ushuru? Isipouzika itakuwaje? Kila swali lipate walau sentensi moja. Haya ndiyo maudhui yako.

Hatua ya pili: Piga hesabu
Usitaje bei kwa kubahatisha. Tuchukue mfano huu wa kujifunzia. Kitambaa na ushonaji wa fulana moja ni shilingi 8,000. Wino na uchapaji 3,000. Lebo na mfuko 1,000. Usafiri na gharama za mpakani 2,000. Jumla ni 14,000. Ukimuuzia mwenye duka kwa 20,000, faida yako ni 6,000 kwa kila fulana.

Sasa mpe fulana 12 kwa mali kauli. Umetumia 168,000. Akiuza 7 atakulipa 140,000. Kwenye daftari una faida ya 42,000, lakini mfukoni umepungukiwa 28,000, kwa kuwa fedha nyingine imekaa ndani ya fulana 5 zisizouzwa. Wengi hufilisika hapo wakiwa wanaamini wanapata faida. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya tatu: Fahamu unachoahidi
Usiandike “hakuna ushuru” kwa sababu umesikia Afrika Mashariki ni moja. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza kutumika mwaka 2005, na bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya husamehewa ushuru wa forodha inapovuka mpaka ikiwa na cheti cha uasili. Kwa wafanyabiashara wadogo upo utaratibu rahisi: shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hutumia cheti kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani. Kodi nyingine za ndani zinaweza kutozwa bado.

Angalizo mawili. Kwanza, kubandika nembo yako juu ya fulana iliyotoka nje ya Jumuiya hakuifanyi kuwa bidhaa ya Tanzania. Cheti hutazama nguo ilikotengenezwa. Pili, alama ya biashara uliyoisajili BRELA inalindwa Tanzania Bara. Ukivuka mpaka, ulinzi huo haukufuati. Kila nchi ina usajili wake.

Hatua ya nne: Andika

                                        Juhudi Maarifa,
                                        S.L.P. 000,
                                        KARAGWE,
                                        TANZANIA.
                                        12 Mei, 20__

Meneja,
Duka la Mavazi,
S.L.P. 000,
KAMPALA,
UGANDA.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUUZA FULANA ZETU DUKANI KWAKO

Somo la hapo juu lahusika.

Mimi ni mmiliki wa lebo ndogo ya mavazi ya vijana iliyopo Ihanda, wilayani Karagwe. Tunashona na kuchapa fulana za pamba zenye michoro ya maisha ya kwetu: migomba, kahawa na bodaboda. Naomba uzipokee dukani kwako kwa majaribio.

Napendekeza tuanze na fulana 12: ndogo 3, za wastani 5 na kubwa 4. Bei ya jumla ni shilingi za Tanzania 20,000 kwa kila moja. Bei ya rejareja utaipanga wewe, kwa kuwa ndiye unayewafahamu wateja wako.

Kwa shehena hii ya kwanza nitakukabidhi kwa mali kauli. Baada ya siku 60 utanilipa zilizouzwa, na zisizouzwa nitazichukua kwa gharama zangu. Shehena ya pili na zinazofuata, naomba ulipe nusu unapopokea mzigo.

Nitazisafirisha kupitia Mutukula na kushughulikia taratibu za forodha mimi mwenyewe. Zitakufikia ndani ya siku 10 baada ya kupata jibu lako. Ninaambatanisha sampuli moja na picha za michoro mitatu.

Nitakuwa Kampala kuanzia tarehe 2 hadi 4 Juni, na nitafurahi ukinipa nafasi ya kuja dukani.

Natanguliza shukrani.

                                        Wako mwaminifu,
                                        J. Maarifa
                                        JUHUDI MAARIFA
                                        Mmiliki

Chunguza barua hii. Haina methali. Haisemi bidhaa ni “bora kuliko zote”. Kila aya ina kazi moja: nani na nini, kiasi na bei, malipo na hasara, usafiri, kukutana. Sentensi yenye heshima kuliko zote humo ni ile ya bei ya rejareja, kwa sababu inatambua ujuzi wa msomaji. Heshima katika barua ya biashara haiko kwenye wingi wa shukrani. Iko kwenye kutompotezea mtu muda wake.

Makosa yanayojirudia
1. Kuandika jina lako halisi au la shule yako badala ya lile ulilopewa kwenye swali.
2. Kusahau anwani ya mwandikiwa. Barua rasmi ina anwani mbili, ya kirafiki ina moja.
3. Kuanza na “Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima wa afya.” Hiyo ni ya kirafiki.
4. Kichwa cha barua chenye mstari mzima na nusu. Maneno matano hadi nane yanatosha.
5. Kuomba bila kutaja kiasi: “naomba unisaidie kuuza nguo zangu”. Nguo ngapi?
6. Kuacha saini, au kuweka saini bila jina kamili.

Katika mazoezi ya kitabu hiki, jipe alama 15 hivi: muundo 5, maudhui 6 (moja kwa kila swali la mwenye duka), lugha na tahajia 4.

SEHEMU D: INSHA YA HOJA

Swali: “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Jadili ukweli wa methali hii kwa kurejelea biashara ya mavazi.

Mtego wa swali hili uko kwenye neno “jadili”. Haukuulizwa maana ya methali, wala haukuambiwa uikubali. Unatakiwa uangalie pande zote mbili, kisha usimame mahali.

Dondoo za kuunga mkono
• Nguo iliyoshonwa vizuri hutangazwa na anayeivaa. Kila akipita barabarani anaitembeza bila malipo.
• Mteja aliyeridhika hurudi na mwenzake.
• Bidhaa mbovu hulazimika kupigiwa kelele kila siku, kwa maana anayeinunua mara moja harudi.

Dondoo za kupinga
• Mteja wa nchi nyingine hawezi kupenda asichokiona. Uzuri wa fulana iliyopo Ihanda hauonekani Kampala mpaka mtu aibebe.
• Maonyesho yapo kwa sababu hiyo: Sabasaba jijini Dar es Salaam hukutanisha wenye bidhaa na wanunuzi, na Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa mwaka 2008, huwapa wabunifu jukwaa.
• Duka la nje lina bidhaa nyingi nzuri tayari. Linahitaji sababu ya kuchagua yako.

Mfano wa aya ya utangulizi
Wahenga walipotunga methali hii, muuzaji na mnunuzi waliishi kijiji kimoja. Mfinyanzi hodari alijulikana na wote, na chungu kibovu kilijulikana vilevile. Leo mshonaji anaweza kuwa Karagwe na mteja wake akawa Kigali. Insha hii inajadili iwapo uzuri wa vazi peke yake unatosha kulivusha mpaka.

Mfano wa aya ya kiini
Hata hivyo, kujitembeza si dalili ya ubaya siku zote. Lebo ya Buzigahill ya Kampala hubadili mitumba kuwa nguo za kipekee, lakini wateja inaowalenga wako mbali na Kampala. Isingejieleza kwao, fulana zake zingebaki zinasifiwa na majirani. Hapa kizuri kimejitembeza, na hakikupungua uzuri kwa kutembea.

Mfano wa hitimisho
Kwa hiyo methali hii ni kweli nusu. Kutembezwa ndiko kunakomleta mteja mara ya kwanza, na uzuri ndio unaomrudisha mara ya pili. Mfanyabiashara anayetegemea kimoja tu kati ya hivyo viwili atauza mara moja, au hatauza kabisa.

Tazama jinsi hitimisho lisivyoorodhesha hoja upya. Linasema msimamo uliotokana na hoja hizo. Tazama pia jinsi mfano wa kiini unavyotaja kitu mahususi. “Kuna watu wengi waliofanikiwa” ni sentensi inayoweza kuingia kwenye insha yoyote, ndiyo maana haiisaidii hata moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sifa nne za rejesta ya sokoni, kila moja kwa mfano wako.
2. Bainisha njia zilizotumika kuunda maneno haya: saizi, mshonaji, mwanamitindo, mtumba.
3. Meneja wa duka la Kampala amejibu barua ya Juhudi Maarifa. Amekubali fulana 12 lakini anataka siku 90 za kulipa badala ya 60. Andika barua ya kumjibu. Kabla ya kuandika, piga hesabu: fedha yako ikikaa siku 30 zaidi, utashona nini katika muda huo?
4. Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250: “Ni heri lebo ndogo ijaze soko la nyumbani kabla ya kuvuka mpaka.”
5. Mweleze mwenzako kwa mdomo, kwa dakika mbili, tofauti kati ya kuuza kwa fedha taslimu na kuuza kwa mali kauli. Akishindwa kukuelewa, tafuta maneno mengine. Tatizo si lake.

HATIMA YA BARUA YETU

Mimi na yule kijana tuliandika barua ya pili. Ilikuwa nusu ukurasa, yenye bei, saizi na tarehe. Mwenye duka, wa duka lilelile, alijibu baada ya siku tisa. Alichukua fulana 12 kwa mali kauli. Aliuza 7, akarudisha 5, zote saizi kubwa, na ujumbe mfupi kwamba vijana wa mtaani kwake wanapenda nguo ya kubana. Kijana hakukata tamaa wala hakufurahi sana, alifungua daftari na kuandika: “Kubwa zipungue.” Shehena ya pili ilikuwa na kubwa mbili tu.

Nami nilipata jibu la kumpa mwanafunzi anayenyoosha mkono. Simu ipo, na ujumbe wa simu ni maandishi vilevile. Wakati utakapotaka mtu usiyemjua, wa nchi nyingine, akuamini na mali yake au akabidhiwe mali yako, utakachokuwa nacho ni maneno uliyoyapanga. Yapange vizuri kwenye chumba cha mtihani, kisha uende nayo.